Salamu Iliyomgharimu Mwamvua Mita Mia

Kwa miaka ishirini na sita Mwamvua binti Msafiri alinunua nafaka kwa pua. Usicheke. Pale sokoni Majengo, Dodoma, wapo wenye mizani na wapo wenye vipima unyevu vya betri, na alikuwepo Mwamvua. Gunia likishushwa, yeye hulifungua mdomo, hutumbukiza mkono mpaka kiwiko na kuchota za chini kabisa, zile ambazo muuzaji hataki zionekane, kisha huinamisha uso mzima ndani ya gunia na kuvuta pumzi ndefu. Akiinuka ana jibu. Mahindi haya yamenyeshewa njiani. Karanga hizi zimelala sakafuni. Mtama huu mzuri, ila umechanganywa na wa mwaka juzi. Wauzaji walibisha siku za mwanzo, baadaye wakachoka kubisha. Hata Chandulal, muuza magunia wa mtaa wa pili, mtu ambaye hakuwahi kumsifu hata mwanawe, alikuwa akimwomba aende kumnusia mbaazi kabla hajatoa hela.

Kikulacho ki nguoni mwako. Vumbi lile na ukungu ule aliouvuta kila siku ili watu wasile nafaka mbovu, ndio uliomla mapafu. Kwanza kilikuja kikohozi kikavu, akakiita cha vumbi, akakinywea tangawizi. Kisha akawa anahema akipanda ngazi tatu za ghala lake. Alipimwa kifua kikuu mara tatu, na mara tatu akaambiwa hana, akarudi sokoni kifua mbele kana kwamba kutokuwa na kifua kikuu ni kupona. Alipofika kwa Daktari Lydia wa kliniki ya kifua, picha ilionyesha mapafu yaliyojaa makovu, yamekakamaa kama sponji ya vyombo iliyosahauliwa juani. Dawa zilipunguza mwendo wa ugonjwa, hazikuusimamisha. Akiwa na miaka hamsini na tatu Mwamvua alikuwa akiishi Miyuji kwa bintiye Munira, mrija puani, mashine ya oksijeni ikinguruma pembeni ya kitanda, na mtungi mdogo wa akiba kwa siku umeme ukikatika.

Daktari Lydia hakumficha kitu, na ndiyo sababu Mwamvua alimpenda. Alimwambia kwamba dawa zimefika mwisho wake na imebaki njia moja, kuyatoa mapafu hayo na kumpandikiza ya mtu mwingine. Hapa nchini upasuaji huo bado, ingebidi aende India. Wala si kama figo, ambapo ndugu hukupa moja naye akabaki na moja. Haya hutoka kwa mtu aliyekwisha kufa, tena wa kundi lako la damu, tena mwenye kifua kinacholingana na chako, na Mwamvua alikuwa mfupi wa kutaniwa. Wagonjwa wa kwao huangaliwa kwanza, mgeni hukaa mkiani mwa foleni. Angepanga chumba karibu na hospitali na kusubiri, pengine mwaka mzima, simu mkononi. Na akiyapata, hapo ndipo kazi ingeanza, maana mwili haupokei mgeni kwa hiari. Angemeza dawa za kuulaza mwili mpaka siku ya mwisho, na mwili uliolazwa haupigani na chochote. Mafua ya mtoto wa jirani yangeweza kumlaza hospitalini. Ukungu wa gunia moja ungeweza kumuua. Soko ndiyo basi tena.

Mwamvua akauliza, wanaopandikizwa huishi muda gani. Daktari akasema karibu nusu yao huvuka miaka mitano, sita. Akauliza, na asiyepandikizwa? Daktari akasema mwaka, kisha akasema labda miwili.

"Mkulima wa kwetu Kondoa anapanda bila kujua kama mvua itafika Februari," Mwamvua akasema. "Wewe unanipa misimu mitano, halafu unaniangalia kwa huruma?"

Daktari akacheka bila kutaka, kisha akamweleza ugumu wa mwisho. Kule hawamchukui mtu ambaye bado ana nafuu, kwa sababu upasuaji wenyewe unaweza kumuua bure. Wala hawamchukui aliyekwisha dhoofika, kwa sababu hatainuka mezani. Mwamvua aliligeuza neno hilo kichwani na kulielewa vizuri: alitakiwa afe kidogo, lakini asife sana.

Habari za fedha tuziache. Aliyewahi kuuguliwa anazijua, asiyewahi haamini. Kiwanja kiliuzwa, ghala likauzwa, ndugu wakachanga, basi.

Kaka yake, Hamza, alikuja kutoka Kondoa kumkataza. Hamza si mtu mbaya, ni mwoga tu wa mambo asiyoyajua, kama wengi wetu. Alitaka dada yake arudi Haubi, kijijini kwao, asomewe dua, akae karibu na mama yao, na Mungu akiamua ameamua. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hata mwenye mapafu yenyewe hajulikani alikuwa akisali wapi. Mwamvua akamjibu kuwa alikwisha kumuuliza imamu, naye akamwambia kuokoa roho si dhambi, na kwamba mbaazi za Chandulal alizinusa miaka ishirini bila kuuliza zinasali wapi. Hamza akainama kuficha tabasamu.

Lakini neno la mama lilimchoma. Nyumba ya mama yao iko juu kilimani, na kipande cha mwisho hakuna gari wala pikipiki inayopanda. Mama huyo ana miaka themanini na kitu, hashuki tena. Mwaka wa juzi Mwamvua alijaribu kupanda kwenda kumwona, akafika nusu, midomo ikawa ya bluu. Vijana wakaleta machela wambebe. Akakataa, akageuza, akarudi Dodoma bila kumwona mama yake, na hilo lilimuuma kuliko kifua. Sasa Hamza alikuwa akimwambia safari hii akubali tu, vijana wapo, machela ipo.

"Machela nitapanda mara moja," Mwamvua akamwambia, "na siku hiyo sitajua. Kwa mama nitapanda kwa miguu yangu. Kama mapafu yangu hayawezi, nitapanda na ya mwingine."

Basi vipimo vikaanza. Damu, moyo, mifupa, picha juu ya picha, vyote vikatumwa India. Kikabaki kimoja kilichoonekana chepesi kuliko vyote, kutembea dakika sita. Kilifanyika Jumatano, siku ya kliniki ya kifua, kwenye korido ndefu iliyo mbele ya vyumba vya madaktari. Msimamizi alikuwa Thobias, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole wa Bahi. Alikuwa ameweka koni mbili, kutoka moja hadi nyingine mita thelathini. Akamweleza Mwamvua atembee kwenda na kurudi, umbali wowote atakaoweza, na akichoka apumzike. Baada ya hapo utaratibu ulimkataza kuongea naye isipokuwa kumtajia dakika. Kitu ambacho Thobias hakukisema, au alikisema na Mwamvua hakukisikia, ni kwamba saa haisimami mtu akisimama.

Mwamvua akaondoka vizuri, mtungi wake kwenye kitoroli, akakata korido ya kwanza. Katika ya pili akamwona, akiwa ndiyo kwanza ameketi kwenye benchi la katikati, Mzee Abdulwahab.

Huyu hakuwa mzee wa njiani tu. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yake tangu ujana, ndiye aliyemwosha baba yake na kumlaza kaburini. Alikuwa na pumu ya uzeeni, kila Jumatano anakuja kufuata dawa. Sasa wewe niambie, mtoto wa Kirangi aliyelelewa akaleleka atampitaje mtu huyo? Mwamvua akasimama, akainama, akamwamkia. Mzee akamwekea mkono kichwani, akaitikia, akaanza kuuliza kama wanavyouliza kwao. Mama hajambo? Kilimani kuna maji? Maharage yamekubali? Yule mtoto wa Hamza ameshaoa? Kila swali lilijibiwa kwa ukamilifu wake, kwa Kirangi, kwa adabu, na kila jibu likazaa swali. Hakuna anayeondoka mzee akiwa bado anauliza.

Na Thobias? Thobias alisimama na saa yake mkononi, akafumbua mdomo, akaufumba, akaufumbua tena. Sheria ilimtaka ahesabu. Lakini kumkatisha mtu mzima anayemwamkia mzee, huko kwao Bahi bibi yake angemchapa mwiko. Akaendelea kuhesabu. Zikapita dakika mbili na nusu. Mwamvua alipoaga na kuendelea, alikuwa ameridhika moyoni kwamba kijana yule ana malezi. Dakika sita zilipotimia Thobias akaandika kilichokuwepo, mita mia moja arobaini na nane, na karatasi ikaenda India.

Jibu lilirudi baada ya wiki tatu. Daktari Lydia alimwita yeye na Munira, akawasomea polepole. Kamati ya madaktari wa kule ilisikitika. Mgonjwa asiyefikisha mita mia mbili na hamsini, kwa utaratibu wao, ni dhaifu mno, hatahimili upasuaji. Asisafiri.

Munira akaanza kulia. Mwamvua hakulia. Alikaa akiutazama ukuta wenye picha ya mapafu mazima, mapafu ya mtu asiyekuwepo, na hasira ikampanda taratibu mpaka masikioni. Mia na arobaini na nane? Yeye, aliyekuwa akizunguka soko zima kabla adhuhuri? Kisha akakumbuka. Akauliza, kile kikao chake na Mzee Abdulwahab nacho kilihesabiwa?

Thobias akaitwa. Alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

"Nilishindwa, daktari," akasema. "Alikuwa anamwamkia mzee."

Daktari Lydia akashika kichwa, na mtu asingeweza kujua anacheka au anataka kulia. Alimuuliza Thobias kwa nini hakuandika hata maelezo chini ya karatasi. Thobias akasema fomu haina mahali pa kuandika salamu. Hapo hata Munira akacheka na machozi yake. Mwamvua ndiye peke yake ambaye hakucheka.

"Andika, daktari," akasema. "Waambie mgonjwa hakuchoka, alikuwa anasalimia. Waambie huku mtu hampiti mzee kama anapita nguzo ya umeme. Na waambie nitatembea tena."

Daktari aliandika, kwa maneno ya kidaktari. Kule wakakubali jambo moja. Kipimo kirudiwe mara moja tu, ndani ya mwezi, kirekodiwe video mwanzo hadi mwisho. Akifika mia mbili na hamsini, aende kwa uchunguzi wa mwisho na aingizwe kwenye orodha. Asipofika, faili linafungwa na halifunguliwi tena.

Utadhani kutembea ni kutembea tu. Jaribu kutembea Miyuji asubuhi bila kusalimia mtu. Mwamvua aliweka mazoezi yake kutoka getini kwa Munira mpaka kwenye kioski cha maji na kurudi, mara mbili kwa siku, mtungi ukimfuata nyuma. Siku ya kwanza alisimamishwa mara tisa. Huyu anauliza hali, yule anataka kusikia safari ni lini, mwingine anatoa pole ya msiba wa mwaka jana. Siku ya pili Munira akatangulia mbele akiwaambia watu kuwa mama anatembea na saa, jamani, msimsimamishe. Siku ya tatu Mwamvua mwenyewe akasimama kwenye kioski, akavuta pumzi, akawatangazia wote waliopanga ndoo kwamba salamu zao za mwezi mzima amezipokea, na zake wazichukue, na wasimsalimie tena mpaka atakapowaambia.

Wengine walicheka. Wengine walinuna, na maneno yakaanza. Mama Munira ana majivuno siku hizi. Hata ndege hajaipanda, tayari haoni watu. Bibi Loisi, mzee wa nyumba ya tatu ambaye kila siku alikuwa akiamkiwa na Mwamvua kabla ya chai, alikaa wiki nzima bila kumtazama. Yote Mwamvua aliyasikia na yalimuuma, asikudanganye mtu. Heshima si utumwa, alijiambia. Lakini mwanamke aliyekwenda miaka hamsini akiinamia wakubwa, goti linataka kukunja lenyewe. Kila alipompita Bibi Loisi ilibidi alishurutishe.

Akaendelea. Alikula mayai asiyoyataka ili uzito upande. Alitembea kifua kikiwaka, akihesabu hatua mpaka midomo ifanye ganzi, anasimama, anaanza upya. Wiki ya nne akafika kioski na kurudi bila kusimama.

Jambo moja lilibaki kumtisha. Aliomba kipimo kisiwe Jumatano. Haikuwezekana, siku nyingine korido ile hupitishwa vitanda vya wagonjwa. Akamtuma Hamza amtafute Mzee Abdulwahab amweleze mapema. Hamza akarudisha jibu kuwa mzee yuko safarini kwa wajukuu, pengine hatakuja kliniki wiki hiyo. Mwamvua akashukuru, na akaona aibu kushukuru.

Jumatano ikafika. Koni mbili, mita thelathini. Thobias na saa yake, safari hii na nesi wa kushika simu ya kurekodi. Daktari Lydia akiwa mlangoni kwake. Thobias akamwambia Mwamvua, mara tatu, kwamba saa haisimami.

Akaondoka. Hatua kumi na tano, ishirini, akainua macho, na pale kwenye benchi la katikati, kofia yake ya vito kichwani, fimbo kati ya magoti, alikuwa amekaa Mzee Abdulwahab.

Mzee alimwona. Uso ukamchangamka, akaihamisha fimbo mkono wa kushoto ili wa kulia uwe tayari. Mwamvua akatazama sakafu, akampita.

Akageuka kwenye koni, akarudi, akampita tena. Mkono wa mzee ulikuwa umeshuka gotini. Mama mmoja aliyekaa pembeni yake akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba dunia imekwisha, watu wanawapita wazee kama magogo. Pumzi ya Mwamvua ikapotea njia. Mita sitini, zimebaki mia na tisini, na miguu tayari ilikuwa ikiomba kusimama, isimame pale pale benchini, iiname, imalize aibu hii. Alijua kabisa kwamba akisimama faili linafungwa. Alijua pia kwamba anayetazamwa na mzee yule ni binti Msafiri, na Msafiri yuko kaburini hawezi kumtetea.

Akageuka mara ya pili. Sasa mzee hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akiutazama mtungi, mrija, kisha Thobias na saa, kisha nesi na simu, kisha Mwamvua tena, kifua chake kinavyopanda na kushuka. Macho ya wazee hayana haraka, ila hufika. Mwamvua alipokaribia, kichwa chini, mzee akauinua mkono wake wa kulia.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Pita."

Shikamoo haikuwa imetamkwa. Aliiitikia ile iliyokuwa moyoni.

Mwamvua akapita. Machozi yalimtoka akatembea nayo, hakuwa na mkono wa kufutia. Alipomrudia, mzee akaitikia tena, marahaba, pita. Mara ya tano yule mama wa magogo, akiwa ameshaelezwa na jirani yake, naye akasema pita, mama, pita. Ya sita likawa benchi zima. Dakika ya nne kifua kilikuwa moto mtupu, kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni kinalia, Thobias anamtazama daktari, daktari anatikisa kichwa kwamba aachwe. Mwamvua alikuwa haoni tena koni, anaona viatu vyake tu. Sauti ya mzee ndiyo iliyomwambia amefika nusu ya korido, kila mara, kwa neno lile lile. Aliiendea sauti hiyo, akaipita, akageuka, akaiendea tena.

"Simama," Thobias akasema.

Akasimama akishika ukuta. Thobias akapima kwa kamba, akapima tena. Mita mia mbili sitini na nne. Daktari Lydia akafumba macho, kisha akafumbua, akamkumbusha, maana hana tabia ya kudanganya, kwamba huu ni mlango tu. Foleni bado, mapafu ya mtu mfupi bado, upasuaji bado, na yale yote ya baada yake. Mwamvua akatikisa kichwa kwamba anajua. Munira akaleta kiti cha magurudumu. Mwamvua akakisukuma pembeni.

Alirudi nyuma hatua kwa hatua, mkono ukutani, mtungi ukimfuata, mpaka kwenye benchi. Akasimama mbele ya Mzee Abdulwahab, akainama. Midomo ilifanya umbo la neno, pumzi haikuwepo ya kulitoa.

"Nimeshaitikia," mzee akasema. "Mara saba nimeitikia. Kaa, upumue."

Hakukaa. Alibaki ameinama pale, akavuta ya kwanza, akavuta ya pili, akaingojea ya tatu ijae. Korido nzima ilimsubiri, na mzee naye akasubiri. Ilipojaa, akaitoa yote.

"Shikamoo, baba."